Kodoa na Doa la Unyayoni

Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Aliyesema hivyo hakuwahi kukutana na mpwa wangu. Kazi ya mpwa wangu, tangu asubuhi anapovaa koti jeupe mpaka jioni anapolivua, ni kuwaambia watu wenye macho yao mawili mazima watazame, na wengi wao ndipo wanapogundua kwamba hawajawahi kuuona unyayo wao wenyewe tangu wazaliwe.

Mimi ni mjomba wake, mdogo wa mama yake, tumbo moja ziwa moja. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tusigombane kwa hilo. Ila kwa kusimulia, katika ukoo wetu hakuna wa kunifikia, na kama yupo ajitokeze tuketi naye.

Jina la cheti analo, zuri tu, walimtafutia wazazi wake. Jina analoitika nilimpa mimi: Kodoa. Alipokuwa mtoto wa kutambaa, mgeni akiingia nyumbani wenzake walikimbilia mfuko wa mgeni. Yeye alikaa chini akaikodolea macho chunusi ya pua ya mgeni, mpaka mgeni mwenyewe akaomba maji ya kunawa uso. Alipokua kidogo mama yake akampa kazi ya kuchambua mchele, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inakula chakula cha mchana jioni. Mtoto hakuwa anatoa mawe tu. Alikuwa anayapanga: mawe huku, mbegu za magugu kule, na punje zenye doa ziko peke yake kama wagonjwa wodini.

"Huyu mtoto ataniua kwa njaa!" dada yangu akalalamika.

"Mwache," nikamwambia, "huyu atakuwa hakimu."

Nilikosea kidogo tu. Amekuwa hakimu wa madoa.

Leo Kodoa ni daktari wa ngozi. Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido ya hospitali, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, na kama hujui njia fuata harufu ya dawa ya sakafu. Ndani kuna kitanda cha mgonjwa kilichovalishwa plastiki, kiti kinacholia ukikikalia, taa ya kupinda shingo, na pazia ambalo mke wangu alilishona na akalikosea urefu kwa sababu mimi ndiye niliyepima dirisha. Kila nikiingia Kodoa hulitazama lile pazia, halafu hunitazama mimi, halafu hasemi kitu. Hiyo ndiyo adabu niliyomlea nayo.

Kifaa chake cha kazi kinatosha kiganjani, kama sabuni ya kuogea iliyobaki nusu. Kina kioo cha kukuza kilichozungukwa na vitaa vidogo. Wenyewe wanakiita dermoskopu. Mimi nakiita mbea, maana kinachungulia ngozini kama jirani anavyochungulia dirishani. Ngozi ukiitazama hivi hivi inang'aa, inakurudishia mwanga usoni, haina siri ya kukupa. Kodoa anadondosha jeli juu ya doa, anakilaza kile kidude, anasogeza jicho, ananyamaza. Mng'ao unakufa. Ngozi ya juu inakuwa kama kioo cha dirisha lililofutwa, na ndani yake unaona rangi imekaa wapi, imekwenda chini kiasi gani, na imejipanga kwa mpango au imemwagika kihuni.

Anachokiwinda humo ni saratani ya rangi, ambayo vitabu vyao vinaiita melanoma. Kwa watu weusi kama sisi ni adimu. Madoa mengi anayoletewa ni madoa tu: alama za kuzaliwa, makovu, fangasi, damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya mlango kubana kidole. Nilimwambia basi kazi yako rahisi, mpwa, unakula mshahara wa bure. Akanijibu kwamba ugumu uko hapo hapo. Kitu unachokiona kila siku, jicho linakipokea kama mwenyeji. Kitu ambacho mwaka unaweza kupita hujakiona, jicho linazoea kusema hamna, hamna, hamna, na siku kikija linasema hamna pia, kwa mazoea. Halafu saratani hii yetu haina tabia ya kukaa usoni ambako kila mtu ana kioo. Inapenda unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Inakaa pale ambapo hata mke au mume hatazami.

Siku moja nilimpelekea uso wangu. Mashavuni nina vidoa vyeusi vimejaa kama mbegu za papai, na majirani walishaanza kunitia wasiwasi.

"Kodoa," nikamwambia, "niambie ukweli, mimi ni mwanamume. Ndiyo ile yenyewe?"

Akaweka kidude shavuni, akahamia shavu la pili, akashuka shingoni.

"Mjomba, hivi vina jina refu la kitabuni."

"Litaje tu, nife nikilijua."

"Kwa kifupi ni uzee."

"Dawa yake?"

"Ilikuwa kufa kijana. Umechelewa."

Mtoto wa dada yangu huyo! Nilinuna mpaka mlangoni, nikarudi kucheka. Na kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa mwingine kwenye benchi, alinifungulia picha kwenye kompyuta yake akanifundisha kusoma unyayo.

"Mjomba, umewahi kulima viazi vitamu?"

"Unamuuliza samaki kama amewahi kulowa?"

"Basi niambie unaona nini."

Niliona shamba. Naapa niliona shamba. Ile mistari ya ngozi ya mguuni, ambayo wewe unadhani ni michoro tu, ikikuzwa ni matuta na mifereji, matuta na mifereji, imelala sambamba kama imelimwa na mtu mwenye akili zake. Na juu ya kila tuta kuna vitundu vyeupe vya jasho vimejipanga kama miche.

"Doa la heri," Kodoa akasema, "rangi yake mara nyingi inakaa mferejini. Doa la shari, rangi inapanda matutani. Si kila mara, lakini ukiona rangi iko juu ya tuta huna ruhusa ya kulala. Unakata kipande kidogo unapeleka maabara."

"Hilo tu?" nikasema. "Maji mferejini ni shamba, maji juu ya tuta ni mafuriko. Mmesoma miaka yote hiyo kwa jambo ambalo mkulima angewaambia kabla ya chai?"

Alicheka. Nasikia siku hizi anawafundishia wauguzi kwa maneno yangu hayo hayo, na hanitaji jina. Sina kinyongo.

Sasa nije kwa mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani, na usidhani nasema fundi kama watu wanavyojisemea. Sare za shule za mtaa wote zinapita mkononi mwake. Cherehani yake ni ya miguu, imekaa chumba cha mbele karibu na dirisha, na anaisukuma kwa mguu wa kulia, peku. Nimemnunulia viatu laini vya kila aina. Anavitia chini ya kitanda. Anasema akivaa kiatu cherehani inamwongopea, haisikii vizuri, na kabla uzi haujakatika mguu mtupu unajua.

Doa nililiona mimi, na hilo naomba liandikwe wazi. Alikuwa amejilaza amepandisha miguu kwenye stuli, mimi niko mlangoni natafuta pa kupita, nikaona kitu cheusi chini ya mguu wa kulia, nyuma kidogo ya vidole, pale pedeli inapogusa.

"Umekanyaga lami?"

"Hiyo sugu ya pedeli."

"Sugu gani nyeusi hivyo?"

"Na wewe ulisomea sugu wapi, darasa la sita?"

Unaona ninavyoishi. Lakini nilikwisha fundishwa shamba la unyayo mimi, sikuwa mtu wa kupuuzwa. Nilimpigia Kodoa simu nikiwa uani, na Kodoa akasema mlete, tena asichelewe.

Asubuhi ya kwenda, mke wangu alikaa bafuni na jiwe la kusugulia miguu na sabuni, akausugua ule mguu kama anaandaa sahani ya mgeni. Nilipomhimiza akanijibu kwa ukali, "Nimpelekee mtoto mguu mchafu?" Na mwelewe. Kumpa mtoto wa wifi yako unyayo wako aushike mikononi, auinamie, auweke karibu na uso, si jambo dogo kwa mwanamke aliyewahi kumpiga huyo huyo mtoto kofi la mgongoni kwa kuchezea mkasi. Kwa hiyo mguu ulifika hospitali unanukia kuliko mimi.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa mguu."

"Mguu hauna kosa, Anti. Panda hapa."

Utaratibu wa Kodoa naujua. Kabla ya jeli huchukua pamba yenye spiriti akapangusa ngozi. Kila mtu hupanguswa. Mimi nilipanguswa mashavu mpaka yakawaka. Siku ile aliishika pamba. Akautazama ule mguu uliosuguliwa na kunukia, akamtazama mwenye mguu aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa haya, na akairudisha pamba kwenye kibakuli. Ungemfutaje mkubwa wako mguu aliotoka kuuosha, mbele ya mumewe? Ni kumwambia hujatakata. Nilimwona, na moyoni nikamsifu: mtoto ana adabu.

Akaweka jeli, akalaza kidude, akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilikuwa naeleza habari ya pazia, ili kuchangamsha chumba.

"Rangi iko mferejini," Kodoa akasema mwishowe, na uso wake ukafunguka. "Mistari mizuri kabisa. Doa la heri hili, Anti. Nitapiga picha, tutalitazama tena baadaye, lakini usiwe na wasiwasi."

"Nilisema ni sugu," mke wangu akasema, akinitazama mimi, si daktari.

Tulirudi nyumbani tukiwa watu wepesi. Cherehani ililia mpaka magharibi.

Kodoa ana mazoea yake ya siku ya Ijumaa. Wagonjwa wakiisha hufunga mlango, hufungua picha zote za wiki, na kuzitazama moja moja bila kusoma ni za nani. Anasema ukimjua mwenye doa, jicho linaingiwa na huruma, na huruma ina ukungu wake. Yaliyotokea Ijumaa ile alinisimulia mwenyewe, na namwamini, maana hana kipaji cha kuongeza chumvi. Hicho kilibaki kwangu.

Alifika kwenye picha ya unyayo mmoja. Mistari mferejini, vizuri. Alitaka kuipita. Kidole kikakataa. Ile mistari haikukoma pale doa lilipokoma. Ilitoka nje ya doa ikaingia kwenye ngozi safi, ikalizunguka doa lote kama ua unavyozunguka nyumba. Tena rangi yake ilikuwa na ubluu. Rangi ya mwili ikikaa juu juu kwenye unyayo ni kahawia, na hiyo aliijua kama anavyoujua mlango wa kwao. Ubluu ule aliujua pia, lakini kutoka kwingine: kuna njia ya kazi yao ambapo, wakishindwa kuona mfereji uko wapi, wanapaka wino makusudi kwenye unyayo na kuufuta. Juu ya tuta unatoka, mferejini unabaki.

Akaikuza picha. Chini ya ule ubluu, juu ya matuta, kulikuwa na kahawia hafifu. Siku ile alikuwa ameidhania ni weusi wa ngozi yenyewe. Ndipo akasoma ni ya nani.

Jumamosi asubuhi tukamwona mlangoni, amebeba mkoba wa kazi, hajavaa koti.

"Karibu, umekuja kula?" nikamtania. "Tumemaliza. Hata sufuria limeoshwa."

"Mjomba, Anti yupo?"

"Hiyo cherehani inayolia unadhani naisukuma mimi?"

Hakucheka. Aliingia chumba cha mbele, akasogeza rundo la sketi za sare, akakaa chini sakafuni, chini kabisa, mbele ya pedeli.

"Anti, nipe mguu."

"Si umeshautazama?"

"Nipe tena, tafadhali."

Akatoa pamba na spiriti, na safari hii hakumtazama mtu usoni. Akafuta. Pamba ikaja na rangi ya buluu. Akachukua nyingine, akafuta kwa kufuata mistari, nayo ikaja na buluu. Mimi nilikuwa nimesimama na mkasi wa watu mkononi sijui niliuokota wa nini.

"Anti, hii ni nini?"

"Wino," mke wangu akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa wake.

"Wino wa nini?"

"Wa kalamu yangu hii ya kuchorea vitambaa. Lile doa nilikuwa nalizungushia mstari, kila ukifutika nachora tena. Sasa kitambaa usipokiwekea alama utajuaje kimepungua au kimezidi?"

"Na limezidi?"

Mke wangu akaigeuza ile kalamu vidoleni.

"Limezidi," akasema. "Lilivuka mstari. Nikachora mwingine nje yake."

"Mbona hukuniambia, Anti?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Halafu mguu nilishausugua, nikajua wino umetoka. Na nilidhani hicho kidude chako kinaona kila kitu."

Unyayo ulikuwa safi sasa, safi wa kweli. Kodoa akaweka jeli, akalaza kidude, akainama pale sakafuni mpaka paji la uso likakaribia kugusa chuma cha pedeli. Nikaanza kusema neno, sikumbuki lipi, la kuchekesha nadhani.

"Mjomba, nyamaza."

Tangu azaliwe hajawahi kuniambia hivyo. Nikauweka mkasi chini.

Alinyanyua kichwa. "Rangi iko matutani," akasema. "Juzi niliona wino, sabuni imeusambaza mferejini, nikasema ni doa. Nilitakiwa nifute kwanza, sikufuta. Nilikosea, Anti. Nikakwambia usiwe na wasiwasi, na nilikosea."

Mke wangu aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

"Kuna daktari mwenzangu hospitali ya rufaa," Kodoa akaendelea, haraka haraka, "ana uzoefu kuliko mimi. Naweza kukupeleka kwake kesho kutwa, akushughulikie yeye, kama hutaki tena mimi..."

"Mtoto," mke wangu akamkata. "Mimi nikikosea mshono, nguo haiendi kwa fundi mwingine. Nakaa nayo, nafumua. Anayejua ilipokosewa ni aliyekosea." Akausogeza mguu karibu zaidi na mapaja ya Kodoa. "Fumua."

Nitasema jambo hapa, na usinicheke. Mimi nilidhani heshima ni kama chumvi, haiwezi kuharibu kitu mpaka izidi sana. Sikujua kwamba kiasi kile kidogo tu, pamba moja kurudishwa kwenye kibakuli, kingeweza kukaa kati ya jicho na ngozi kikaziba ukweli. Nimelifikiria hilo nikiwa naosha uso, nikiwa barabarani, na sijapata pa kulipeleka. Mtu hawezi kumlea mtoto bila adabu. Lakini nani alimfundisha mtoto lini aiweke kando? Si mimi.

Siku ya kukatwa kipande, Kodoa alichoma sindano ya ganzi mwenyewe na kukata mwenyewe. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Kikatiwa kwenye kichupa kikasafirishwa, maana maabara inayosoma vitu hivyo haiko karibu. Sisi tukabaki na kungoja, na kungoja kwa watu wazima wawili ndani ya nyumba ndogo ni kazi ya sulubu.

Mke wangu alianza kujifunza kusukuma kwa mguu wa kushoto. Hakuniaga. Nilisikia tu cherehani imebadilisha mwendo, inachechemea. Nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Wakikata mguu," akasema bila kugeuka, "utanisukumia pedeli?"

"Nitasukuma."

"Wewe? Ukisukuma wewe suruali itatoka sketi."

"Basi tutashona sketi tupu."

Alicheka, halafu akaweka mikono juu ya kitambaa na kukiacha hapo. "Siogopi kufa sana," akasema. "Naogopa kukaa. Kukaa tu, watu wananiletea chai." Nikavuta stuli nikakaa kando yake, tukatazama nje.

Majibu yalipokuja Kodoa hakuyasema kwa simu. Alikuja, akatukalisha wote wawili, akasema moja kwa moja kabla hajaulizwa maji. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ilikuwa melanoma. Lakini ilikuwa bado juu kabisa, kwenye tabaka la kwanza la ngozi, haijachimba chini.

"Kama mgeni aliye kwenye veranda," nikasema, "hajaingia ndani."

"Kama hivyo, Mjomba."

"Mguu?" mke wangu akauliza. Hilo tu.

"Mguu unabaki. Tunatoa hilo doa na ukingo wa ngozi yenye afya inayolizunguka. Halafu tunachukua ngozi nyembamba pajani tunaziba."

"Ngozi yenye afya kwa nini, kama haina kitu?"

"Kwa sababu pembezoni rangi inaweza kuwa imeanza na jicho halijaiona bado. Tukikata pale pale doa linapoishia, tunaweza kuacha uzi ndani."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Fundi gani hukata kitambaa pale pale pa mshono? Huacha ziada. Kwa mara ya kwanza tangu lile doa lionekane nilimwona anakubaliana na jambo bila kubishana nalo, na mimi, niliyedhani ni mimi ninayeelewa mambo ya hospitali nyumbani kwetu, nilibaki nimeshika mkoba wake.

Upasuaji ulifanyika hospitali ya rufaa na daktari wa upasuaji, Kodoa akiwa kando ya meza, akimwonyesha kwa kidude doa linaishia wapi. Baadaye palikuwa na magongo, palikuwa na bandeji, palikuwa na mke aliyekatazwa kukanyaga chini na asiyekatazika. Sare za shule zilichelewa. Wazazi walikuja kugomba mlangoni, na mimi ndiye niliyewapokea, na nakuambia hakuna aliyeondoka hajacheka, ingawa ni wachache walioondoka na sare.

Kodoa naye hakukaa kimya na kosa lake. Kwenye kikao cha madaktari aliweka picha zote mbili ukutani, ile ya wino na ile ya baada ya wino, akawaambia, "Huyu ni mke wa mjomba wangu, na sikumfuta kwa sababu nilimheshimu." Nasikia wengine walitazama chini. Siku hizi mzee yeyote akipanda kitanda chake, hata aje ameoga mtoni na ziwani, Kodoa husema, "Naomba nikufute, si kwa uchafu, ni macho yangu ndiyo machafu," na hufuta. Na kabla ya kufuta huuliza: umepaka nini hapa, umechora nini, umejitibu na nini? Wazee wengine hukasirika. Anawaacha wakasirike.

Mke wangu anasukuma kwa kushoto sasa. Unyayo wa kulia una kiraka, yeye mwenyewe ndiye anayekiita hivyo, na ameukosoa mshono wa daktari wa upasuaji mbele ya daktari wa upasuaji. Anaambiwa arudi kutazamwa kila baada ya muda, mguu wote, na nyayo zote mbili, na viganja, na kucha, na kinena kuguswaguswa kama kuna tezi iliyovimba. Mimi humsindikiza. Nikifika pale mwisho wa korido huwa naacha maneno yangu kwenye benchi.

Juzi tulikuwa huko. Kodoa alifuta, akaweka jeli, akalaza kidude pembezoni mwa kiraka, akakizungusha polepole akifuata ukingo wote. Pazia fupi lilikuwa linapepea. Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha mashuka chenye gurudumu bovu. Akaenda kwenye unyayo wa pili, akarudi kwenye wa kwanza. Nikahesabu pumzi zangu nikapotea.

"Hamna kitu, Anti," akasema. "Safi kabisa."

Mimi nilishainuka, nimeshachukua mkoba. Mke wangu hakuutoa mguu. Aliuacha pale pale mikononi mwa Kodoa, akamtazama usoni, bila hasira, bila haya.

"Angalia tena," akasema.

Kodoa hakuudhika. Alidondosha jeli nyingine, akainama.